Gia ya Tatu

SEHEMU YA KWANZA

"Fungua boneti."

Mzee alisema hivyo kwa Kiswahili, na si Kiswahili cha kitabuni. Kilikuwa kile cha madereva wa malori, chenye tusi dogo katikati na "bwana" mwishoni. Nilikuwa na wiki mbili tu kwenye karakana yake mtaa wa Borgo San Paolo, Torino, nalipwa kwa saa, nala tambi kila siku ya Mungu, na asubuhi hiyo nilikuwa nimejiponza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nilisema kile ambacho fundi yeyote wa Iringa angesema. Kwamba gari ni Toyota. Kwamba gari la Kiitaliano linapendeza siku ya picha tu, baada ya hapo ni wewe na spana zako mpaka usiku wa manane. Nikaongeza, kwa kujigamba, kwamba mjomba wangu aliyenilea na kunipa ufundi hakubali gari la Kiitaliano lipite getini kwake, hata kwa kugeuzia.

Nilipomtaja mjomba, Mzee aliinua macho. Sikulitilia maanani. Alifuta mikono kwenye tambara, akanishika bega, tukavuka barabara mpaka kwenye Toyota Yaris ya jirani, hiyo ambayo kwetu inaitwa Vitz. Akaomba funguo.

"Haya. Injini imekaaje?"

"Imekingama. Kutoka kulia kwenda kushoto."

"Gia boksi?"

"Mwishoni mwa injini, pembeni."

"Shafti za mbele zinalingana urefu?"

Nikacheka. Shafti hizo nimebadilisha mpaka kwa kupapasa. "Hazilingani, Mzee. Moja fupi, moja ndefu."

"Basi hiyo ni Fiat."

Nikadhani anatania. Akakaa juu ya bampa na kuanza kunieleza. Waingereza walitoa Mini mwaka 1959, injini imekingama mbele na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Jambo la akili sana. Lakini gia boksi waliificha chini ya injini, ndani ya sampo, vyote viwili vikawa vinakunywa oili moja. Fundi anajua maana yake: gia zinaitafuna oili ambayo injini inaitegemea. Hapo Torino kulikuwa na mhandisi mkuu wa Fiat, Dante Giacosa, huyohuyo aliyeunda Fiat 500 ya mwaka 1957 ambayo watalii hupiga nayo picha. Giacosa aliitoa gia boksi chini akaipachika mwishoni mwa injini, kila kimoja na oili yake, akakubali shafti moja iwe fupi na nyingine ndefu. Nafasi ikapatikana, gari dogo likabeba watu wazima wanne na mizigo yao.

"Wakubwa waliogopa," Mzee akasema. "Kwa hiyo mwaka 1964 wakalijaribu kwanza kwa jina la kampuni ndogo, Autobianchi Primula. Likiharibika, jina la Fiat halichafuki. Halikuharibika. Mwaka 1969 likatoka Fiat 128, mwaka uliofuata likawa Gari la Mwaka la Ulaya. Sasa simama hapa uhesabu magari madogo ya mtaa huu, uniambie mangapi hayajapangwa hivyo."

Nilihesabu mpaka kumi na tisa nikaacha. Yote yalikuwa hivyo. Na nilizikumbuka Vitz, IST na Passo zote nilizowahi kulala chini yake, pale Iringa, nikiwasifu Wajapani.

Wakati wa kurudi alinichomeka na la dizeli. Ile komoni reli iliyomo kwenye Hiace na Prado za kisasa, bomba moja la presha kubwa linalogawa mafuta kwa nozeli zote, kwenye magari madogo iliandaliwa na watafiti wa Fiat kusini mwa Italia, huko Bari. Mwaka 1994 Fiat wakaiuza kwa Bosch wa Ujerumani waimalizie. Gari dogo la kwanza kuuzwa nayo ni Alfa Romeo 156, mwaka 1997. Mzee alilitamka jina la Bosch kama mtu anayemtaja mwanamume aliyemwoa mchumba wake.

Jumapili alinipeleka Lingotto, kiwanda cha zamani cha Fiat kilichozinduliwa 1923. Ghorofa tano. Vyuma viliingia chini, gari likaungwa ghorofa baada ya ghorofa, likafika juu likiwa zima, na huko juu ya paa ndiko iliko barabara ya kulijaribia, kona zake zimeinuka kama ukingo wa bakuli. Kazi ilikoma pale mwaka 1982. Leo chini ni maduka na hoteli, na juu wamepanda bustani. Sisi Iringa gari lililotoka gereji tunalijaribu kwa kulipandisha mlima wa Ipogoro. Hawa walijijengea mlima wakauweka juu ya nyumba. Mzee alivua kofia pale kwenye kona, akakaa kimya muda mrefu, nami kwa mara ya kwanza nikaona haya kwa maneno yangu ya Toyota.

Lakini si hilo lililonikosesha usingizi. Nyuma ya karakana kulikuwa na chumba, na ndani ya chumba gari limefunikwa turubai la kijani. "Hilo mpaka Jumamosi," aliniambia siku ya kwanza, na kila Jumamosi ilipofika akasema Jumamosi ijayo.

Usiku huo niliingia. Nikawasha tochi ya simu, nikainua pembe ya turubai. Rangi ya kijivu, mlango mwembamba, mgongo ulioteremka taratibu mpaka nyuma kama mgongo wa samaki. Nikachungulia dirishani. Usukani ulikuwa kulia.

Kulia! Italia nzima usukani uko kushoto. Nikapiga magoti, nikaingiza kidole kwenye kona ya madgadi, mahali ambapo maji ya kuoshea hayafiki. Kidole kilitoka na vumbi. Nikalimulika.

Lilikuwa jekundu. Udongo wa kwetu, ule unaoingia kwenye soksi na hautoki hata ufue mara tatu.

Nyuma yangu mlango ulilia.

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Fundi wa Iringa ameingia kwa siri kwenye chumba alichokatazwa na kukuta gari lenye usukani wa kulia na udongo mwekundu. Mlango umefunguliwa nyuma yake. SASA ENDELEA.

Alikuwa Mzee, na pajama, kikombe cha kahawa mkononi.

"Shikamoo, Mzee," nikasema, kwa kukosa la kusema.

"Marahaba. Washa taa, utajigonga kichwa."

Akaliondoa turubai lote mwenyewe, polepole, akilikunja kama mtu anayekunja kanga ya marehemu. Nimeona magari mengi ya thamani tangu nifike nchi hii. Nimeona Ferrari nyekundu ikipita na watu wakasimama. Sikuwahi kuona gari lisilopiga kelele kabisa likamnyamazisha mtu kama lile.

"Lancia Aurelia B20. Mwaka 1952. Mwili wake ni mikono ya Pinin Farina."

Swali langu la kwanza lilikuwa la usukani. Akanijibu kwamba Lancia kwa miaka mingi waliweka usukani kulia hata kwa magari ya Italia kwenyewe. Walikuwa watu wa milima. Dereva aliyekaa kulia aliuona ukingo wa korongo chini ya gurudumu lake. "Umeshawahi kushuka Kitonga na lori, unajua ninachosema." Nilijua. Ila nilijiuliza yeye amejuaje kama mimi naijua Kitonga.

Vincenzo Lancia, aliyeanzisha kampuni hiyo hapo Torino mwaka 1906, alikuwa dereva wa mashindano wa Fiat kabla ya kujitegemea. Mwaka 1922 alitoa Lambda, gari lisilo na chesisi ya kuning'iniza bodi juu yake. Bodi lenyewe ndilo lililobeba mzigo, kama mtumbwi wa gogo usivyohitaji kiunzi. Gari unalopanda leo, msomaji, kama si lori wala pikapu, limejengwa kwa wazo hilohilo.

"Lakini huyu," Mzee akafungua boneti, "huyu alikuja na kitu ambacho hakikuwahi kutengenezwa kwa wingi kwenye gari lolote duniani."

Niliona silinda tatu upande huu na tatu upande ule, zimesimama kama vidole vya mikono miwili inayoomba dua. V6. Leo V6 ziko kila mahali, hata kwenye Prado. Ya kwanza kutengenezwa kwa wingi ni hiyo, Aurelia ya mwaka 1950. Mhandisi Francesco De Virgilio aliipigia mahesabu tangu miaka ya vita. Tatizo lilikuwa mtikisiko. Silinda sita za namna hiyo ukizipanga ovyo zinatikisa gari kama mtu mwenye homa. De Virgilio alipata pembe: nyuzi 60 kati ya safu mbili, na kila pistoni ipewe pini yake kwenye kranki. Hapo milipuko inafuatana sawasawa, kila kranki inapozunguka theluthi moja. Na bloku ni ya aluminiamu, mwaka 1950, wakati wenzao wengi walikuwa bado wanasubu chuma.

"Maneno matupu hayo," akasema. Akaingia ndani, akahakikisha gia iko huru, akaiwasha.

Nilifanya kile mjomba alichonifundisha. Nikachukua bisibisi ndefu, ncha nikaiweka juu ya kifuniko cha valvu, mpini nikautia sikioni. Kwa njia hiyo unaisikia injini inavyosema na moyo wake. Injini nyingi huwa zina mmoja anayelalamika: valvu inayogonga, beringi inayosaga meno. Hii nilisikiliza silinda moja moja, zote sita. Zilikuwa zinapokezana kama wanawake wanaotwanga kinu kimoja, hakuna mchi unaogusa mwingine. Nilitoa bisibisi sikioni nikairudisha. Mara tatu.

Mwaka 1951, gari la aina hiyo, injini ya lita mbili kasoro kidogo, lilishika nafasi ya pili katika Mille Miglia, maili elfu moja za barabara za kawaida za Italia. Lililolitangulia ni Ferrari ya lita nne na ushee peke yake. Mzee alinipa habari hiyo mara nne usiku ule, nami sikumkatiza.

Akazima. "Ingia chini. Gia boksi inavuja."

Nikalala kwenye kirago na kujisukuma chini. Gia boksi haikuwepo. Nikaitafuta nyuma ya injini, patupu, shafti tu inayokwenda nyuma. "Endelea," Mzee akaniambia kwa kicheko. Ilikuwa kwenye ekseli ya nyuma: klachi, gia boksi na difu, vyote vimefungwa pamoja, na ngoma za breki zimebanana navyo katikati badala ya kukaa kwenye magurudumu. Uzito wa mbele umelingana na wa nyuma, na magurudumu yamebaki mepesi. Nani alifikiria hivi? Nililala pale nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

Kisha nikamulika bolti ya kumwagia oili. Imefungwa waya isilegee, kama inavyotakiwa. Mafundi wengi huuzungusha waya mara mbili wakaukata. Huu ulizungushwa mara tatu kushoto, mara moja kulia, na ncha yake ikapindwa ndani kama mkia wa nge.

Kuna gereji moja tu duniani ninayoijua inayofunga hivyo. "Isimchome fundi atakayekuja," mjomba hutuambia.

Nilitoka chini ya gari mikono ikitetemeka. Mzee alikuwa amekaa juu ya ndoo, hana haraka.

"Umeliona fundo," akasema. "Kijana, unadhani nilikuchukua kazi kwa bahati?"

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Chini ya Lancia Aurelia, fundi amekuta fundo la waya la mjomba wake wa Iringa. SASA ENDELEA.

"Ulipopiga simu kuomba kazi nilikuuliza swali moja tu," Mzee akaendelea. "Unalikumbuka?"

Nililikumbuka. Hakuniuliza cheti wala kibali. Aliniuliza: Nani alikufundisha?

"Kila Mtanzania aliyepita mji huu nimemuuliza hivyo. Miaka yote."

Alifika Tanzania mwaka 1967, kijana wa miaka 25, fundi wa malori ya Fiat. Rhodesia ilikuwa imejitangazia uhuru wake wa walowezi mwaka 1965 na Zambia ikafungiwa njia ya kusini. Shaba ilibidi itokee Dar es Salaam na mafuta yapandie hukohuko, kwa malori, kwenye barabara ya vumbi ambayo wageni waliibatiza jina la jehanamu. Masika lori lilizama mpaka milangoni. Waitaliano ndio waliolaza bomba la mafuta la TAZAMA, kilometa 1,710 mpaka Ndola, likaanza kazi 1968. Kabla yake mapipa yalipanda Kitonga juu ya malori.

Iringa alimkuta kijana wa miaka 16 anayesikiliza injini kwa bisibisi. Mjomba wangu.

Mkulima mmoja mzungu wa tumbaku alikuwa anafunga virago, anauza kila kitu, na Aurelia ilikuwemo. Walilinunua wawili. Mzee alitoa fedha, mjomba akatoa kazi: miezi minane ya usiku kulifufua. Hakuwa na kitabu wala spea. Mzee alifungua droo akanipa kadi ya gari, karatasi iliyokauka kama ngozi ya kitunguu. Wamiliki wawili. Jina la pili nililifahamu kabla sijalisoma.

"Desemba 1969 mkataba wangu uliisha. Gia boksi alikuwa ndio kwanza ameifunga. Tukalipakia gari juu ya lori mpaka bandarini. Nikamwahidi nitamwita aje asome hapa, Torino, kwenye nyumba ya Lancia. Na tukaapa hakuna atakayeliendesha mpaka tuwe wote wawili."

"Ukamwita?"

Alikaa kimya. Mwaka huohuo Lancia, ikiwa imelemewa na madeni, ilinunuliwa na Fiat. Kila fundi wa Borgo San Paolo alikuwa hajui kesho yake. Barua aliiandika, akaichana, akaandika nyingine, akaichana. Mwaka ukawa miaka.

"Nilirudi mara moja, 1988, Nairobi, kwa Safari Rally." Hapo sauti ilimchangamka kidogo. Lancia walikuwa wameitafuta Safari muda mrefu. Stratos yao, yenye injini ya V6 ya Ferrari, ilipata nafasi ya pili na ya tatu mwaka 1975 na haikushinda kamwe. Mwaka huo wa 1988 Miki Biasion alikuja na Delta Integrale, lile gari la kona kali lenye picha ya tembo, akashinda. Akashinda tena 1989. Juha Kankkunen akaongeza mwaka 1991. "Nililia pale mwishoni kama mtoto. Halafu nikapiga simu Iringa. Ilipokelewa. Nikataja jina langu. Ikakatwa."

Nikaelewa kwa nini gari la Kiitaliano halipiti getini kwetu.

"Nina miaka 82 na zaidi," akasema. "Mwenzangu haji. Lakini damu yake imekuja. Kesho alfajiri tunatoka na hili gari, wewe na mimi. Kiapo kitakuwa kimetimia."

Sikulala. Saa kumi na moja, Iringa kumekwisha kucha, nilitoka uani nikapiga simu. Nilisikia redio, nyundo ikigonga bati, kisha sauti yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Baridi vipi huko?"

"Mjomba, niko na gari moja hapa. Lancia."

Nyundo ilinyamaza. Nadhani aliwanyamazisha kwa mkono.

"Rangi gani?"

"Kijivu."

"Usukani?"

"Kulia."

"Gia boksi imewahi kufunguliwa?"

"Haijafunguliwa. Fundo lako liko vilevile."

Nilimsikia akivuta kiti. "Kwa hiyo yupo."

"Yupo. Amenieleza yote, mjomba. Anataka tuliendeshe leo, mimi nikae kwa niaba ya..."

Nyuma yangu ile V6 ilikohoa mara moja, ikashika, ikaanza kutwanga taratibu. Mzee hakuweza kunisubiri.

"Sauti gani hiyo?" mjomba akauliza.

"Ndilo lenyewe. Ameliwasha."

"Injini haina neno. Nisikilize. Ya kwanza aingize. Ya pili aingize. Ya tatu asiingize! Mjomba, ukiona mkono wake unakwenda kwenye ya tatu, ushike, uuvunje ikibidi!"

"Kwa nini? Gia imevunjika meno?"

"Nilikuwa mtoto wa miaka 18, naachwa bandarini na ahadi. Nilitaka kama akinisahau, siku moja akumbuke." Akahema. "Nilichoweka mle ndani, mahali pa ya tatu, si gia."

Nilikimbia. Geti lilikuwa wazi. Taa nyekundu mbili ndogo zilikuwa zinatoka barabarani, mtaa mtupu, umenyooka mpaka mwisho wa macho. Nilipaza sauti, "Mzee! Mzee!" Alinyoosha mkono dirishani akanipungia, akidhani namshangilia. Ya kwanza ikaingia laini. Ya pili ikaingia laini zaidi. Gari likakaza mwendo, nami nyuma yake na kandambili, simu mkononi, mjomba bado anapiga kelele ndani yake.

Kisha nikaisikia klachi ikikanyagwa. Injini ikashusha pumzi, ule ukimya mfupi kati ya gia na gia, na kivuli cha mkono wa Mzee kikaenda kwenye mtambo wa gia, chini ya usukani.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO.

Msomaji, wewe ambaye umewahi kulala chini ya gari: unadhani mjomba aliweka nini mle?